Ijumaa ya Albamu Nyingi: Nani Kakutuma Uzimalize?

Wadogo zangu, barua mlizomwandikia dada yenu safari hii zimenichekesha na papo hapo zimenitia huruma. Nimezoea mniulize habari za mawifi, ada za shule na wachumba wasiopokea simu. Sasa mnaniuliza habari za albamu. Binti wa chuo anasema Ijumaa zikitoka albamu tatu nne za wasanii wakubwa kwa mpigo, kundi lao la WhatsApp linakuwa limeshazichambua zote kabla yeye hajatoka darasani, na akiuliza chochote anaambiwa amechelewa. Mwingine yuko masomoni Uingereza, amenunua albamu moja mara nne na sasa anaishi kwa Indomie. Yupo kaka aliyenuniwa na mchumba wake kwa kusema albamu ya kipenzi cha binti huyo imemchosha. Na wa mwisho ni kijana mwimbaji, nyimbo zake ziko tayari studio, anaogopa kwamba akizitoa wiki moja na majina makubwa zitamezwa.

Nitawajibu wote, lakini sitawagawia maneno sawasawa. Wa mchumba, kwa mfano, atapata machache.

Nianze na wewe wa chuo. Mdogo wangu, hiyo Ijumaa unayohangaika nayo haikuwekwa kwa ajili yako. Iliwekwa kwa ajili ya wauzaji. Mpaka katikati ya mwaka 2015 kila nchi ilikuwa na siku yake: Waingereza walitoa albamu Jumatatu, Wamarekani Jumanne, Wajerumani na Waaustralia Ijumaa. Intaneti ikaufanya utaratibu huo kichekesho, maana albamu iliyotoka Sydney Ijumaa ilishafika New York kwa njia za panya kabla Jumanne haijakucha. Ndipo shirikisho la kampuni za kurekodi duniani, IFPI, likatangaza siku moja kwa wote, na kuanzia tarehe 10 Julai 2015 siku hiyo ikawa Ijumaa. Chati nazo zikajipanga hapo hapo. Wiki ya kuhesabia albamu Marekani na Uingereza huanza Ijumaa na kuishia Alhamisi, kwa hiyo msanii akiachia kazi Jumatano, amebakiwa na siku mbili tu za kuhesabiwa. Basi wote wanarundikana mlango mmoja, na wewe ukifungua simu asubuhi unakuta majina matano yanakudai masikio.

Wanachogombania ni namba ya wiki ya kwanza. Ngoja nikueleze inavyopatikana, maana ukiijua utapumua. Mengi nitakayoyasimulia hapa chini yalitokea mwaka 2023 na 2024, na kwa kanuni za miaka hiyo Billboard, wapanga chati wa Marekani, walihesabu hivi: nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,250 na watu wanaolipia, hiyo ni sawa na nakala moja iliyouzwa. Kwa wanaosikiliza bure na matangazo katikati, zilihitajika mara 3,750. Chukua albamu ya nyimbo kumi na sita. Wewe usiyelipia ungelazimika kuisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara 230 ili uhesabiwe nakala moja. Tena chati hiyo, Billboard 200, ni ya Marekani peke yake. Ukikaa Tabata ukaisikiliza mpaka simu ishike moto, huko huongezi hata chembe.

Sasa niambie, hao wenzako kundini wanakimbizana na nani?

Nikupe Ijumaa moja uione ilivyokuwa. Tarehe 22 Septemba 2023 Kylie Minogue alitoa Tension, na Waingereza wakaipeleka namba moja. Siku hiyo hiyo Doja Cat akaachia Scarlet, albamu yenye ule wimbo wa Paint the Town Red uliokuwa umeshakamata kila simu. Wiki mbili nyuma Olivia Rodrigo alikuwa ametoa Guts, na watu walikuwa bado wamelewa nayo. Katika zogo hilo hilo, Ijumaa hiyo hiyo ya tarehe 22, binti mmoja wa Missouri anayejiita Chappell Roan akatoa albamu yake ya kwanza, The Rise and Fall of a Midwest Princess. Huyu alikuwa ameachwa na kampuni yake, Atlantic, mwaka 2020, akarudi kwao kufanya vibarua, kisha akaanza upya na prodyuza Dan Nigro, ambaye ndiye huyo huyo aliyekuwa nyuma ya Guts.

Wiki ya kwanza albamu yake haikuingia hata kwenye zile 200. Kwa kipimo cha kundi lenu, ilikuwa imekufa kabla ya Jumatatu.

Februari 2024 Rodrigo akamchukua afungue maonyesho ya ziara yake. Aprili akapanda jukwaa la Coachella, na mwezi huo huo akatoa Good Luck, Babe!, wimbo ambao hata haumo kwenye albamu ile, lakini watu walioupenda wakarudi nyuma kutafuta huyu binti alitokea wapi. Kufika Agosti 2024 albamu iliyopuuzwa Septemba ya mwaka uliopita ilikuwa namba mbili Marekani. Februari 2025 akapewa Grammy ya msanii mpya bora. Na Pink Pony Club, wimbo uliomo kwenye albamu ile ambao ulitoka peke yake Aprili 2020, ulifika namba moja Uingereza Machi 2025. Miaka mitano kasoro mwezi! Aliyeusikiliza wimbo huo kwa mara ya kwanza siku uliposhika namba moja alikuwa hajachelewa popote. Utamu ulikuwa ule ule.

Albamu si andazi, mdogo wangu. Haichachi.

Halafu kuna hili la kuchambua haraka. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu naona wengi wenu mnaaibika mchana kweupe. Taylor Swift alitoa The Tortured Poets Department tarehe 19 Aprili 2024, saa sita kamili usiku kwa saa za New York, yaani saa moja asubuhi kwetu Afrika Mashariki. Watu walikuwa kwenye daladala. Albamu ilikuwa na nyimbo 16, kama saa moja na dakika chache. Wenye haraka wakasikiliza nusunusu, wakarukaruka, na kufika saa mbili na nusu hukumu zilishatolewa: ndefu, haina jipya, au kinyume chake, ndiyo bora kuliko zote. Saa tatu asubuhi Taylor akaongeza nyimbo nyingine 15, akaiita The Anthology. Jumla 31, zaidi ya saa mbili. Waliohukumu saa mbili na nusu walikuwa wamehukumu nusu ya kitu, na hiyo nusu yenyewe hawakuimaliza.

Siku hiyo hiyo, kwa taarifa yako, Pearl Jam nao walitoa albamu, Dark Matter. Bendi ya tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, ina watu wake waaminifu, na watu hao hawakumhitaji mtu wa kuwaambia wafanye haraka. Hao ndio ningependa uwaige.

Kwa hiyo ukiulizwa kundini, "Umeisikiliza?", jibu ni rahisi: "Bado." Usiongeze samahani, usiongeze sababu. Wakikucheka waulize wimbo wa kumi na moja unahusu nini. Nakuahidi wengi watakwambia mtandao unasumbua.

Namna ya kusikiliza sasa, kwa kuwa najua unataka nikwambie. Ijumaa ya vurugu chagua albamu moja tu, ile ambayo ungeinunua kama ingekuwa bado zama za kanda pale Kariakoo na una hela ya kanda moja mfukoni. Nyingine ziandike mahali. Isikilize kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, bila kuchanganya nyimbo. Adele alilisimamia jambo hili Novemba 2021 alipotoa 30: aliwaomba Spotify waache kuchanganya nyimbo za albamu moja kwa moja, nao wakakubali, kwa wanaolipia kitufe kikageuka kuwa cha kucheza kwa mpangilio. Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko kwa wimbo wowote. Mtu amekaa miaka anapanga kipi kitangulie, halafu simu inakuja kumchanganyia!

Na kwa albamu nyingine mpangilio ndio albamu yenyewe. Cowboy Carter ya Beyoncé, iliyotoka tarehe 29 Machi 2024, ina vipande 27 na dakika 78. Kati ya nyimbo kuna sauti za wazee wakizungumza kana kwamba unasikiliza stesheni ya redio ya Texas: Willie Nelson, Dolly Parton, na mama mmoja anaitwa Linda Martell. Ukizichanganya, wazee hawa wanakatiza maneno bila sababu na unawaona kero. Ukizifuata, unaanza kujiuliza huyu Linda Martell ni nani. Ni mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, mwaka 1969, jukwaa ambalo ndilo kitovu cha muziki wa kantri. Alitoa albamu moja, Color Me Country, mwaka 1970, kisha tasnia ikamsahau. Beyoncé amemweka katikati ya albamu yake kwa makusudi. Mimi wiki ile sikugusa albamu nyingine yoyote mpya. Nilikwenda kumtafuta Linda Martell. Wasomaji wangu wa Kenya mtanielewa upesi, maana ninyi kantri mmelelewa nayo redioni, Jim Reeves na Dolly na Kenny Rogers, mpaka mkapata wenu, Sir Elvis Otieno. Nyie ndio mlitakiwa mtufundishe sisi wengine siku ile badala ya kukimbilia kusema wimbo gani unafaa TikTok.

Cowboy Carter iliuza kama nakala 407,000 wiki ya kwanza Marekani, kwa ile hesabu niliyokueleza. Tortured Poets, wiki tatu baadaye, ilipata milioni 2.61. Ukitazama namba tu utasema mmoja alimgaragaza mwenzake. Lakini Februari 2025 Grammy ya albamu ya mwaka ilikwenda kwa Cowboy Carter. Sisemi majaji wa Grammy ni malaika, historia yao tunaijua. Nasema tu kwamba hao nao waliisikiliza kwa miezi.

Kuhusu bando, maana najua mnalipia kwa jasho. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki upunguze ubora wa sauti. Kwa ubora wa juu, ule wa kilobiti 320 kwa sekunde, saa mbili za The Anthology zinakula karibu megabaiti 290. Kwa ubora wa kilobiti 96, hazifiki 90. Kwa spika ya simu na kelele za kituo cha basi huwezi kusikia tofauti. Ubora wa juu uwekee siku upo kwenye Wi-Fi na una vipokea sauti vya maana. Na tafadhali, usisikilize albamu nzima kwa kutazama video YouTube halafu ulalamike bando limeibiwa.

Nije kwako wewe wa Uingereza, mwenye Indomie.

Sikugombi. Najua jinsi ilivyo kuwa mbali na nyumbani, mtu anashika kitu kinachomfariji. Ila nataka uone ulivyochezewa, ili ukicheza tena ucheze ukijua. Tortured Poets ilitolewa kwenye santuri na CD kwa matoleo manne, kila toleo na wimbo mmoja wa ziada ambao mengine hayana: The Manuscript, The Bolter, The Albatross na The Black Dog. Mwenye kutaka zote alilazimika kununua mara nne, na wapo waliofanya hivyo kama wewe. Halafu ile saa tatu asubuhi ya kwetu, The Anthology ilipotoka, nyimbo zote nne zilikuwa ndani yake. Bure kwa yeyote mwenye simu, saa mbili tu baada ya albamu kutoka.

Kwa nini wafanye hivyo? Rudi kwenye hesabu yetu. Mtu anayesikiliza anachangia sehemu ndogo mno ya nakala moja. Mtu anayenunua santuri ni nakala nzima, papo hapo. Kati ya zile milioni 2.61 za wiki ya kwanza, milioni 1.9 zilikuwa za watu walionunua kabisa, na santuri peke yake zilikuwa 859,000. Anayenunua mara nne ni mtu mmoja, ila anahesabiwa wanne. Na si Taylor peke yake. Karibu kila msanii mkubwa wa pop sasa ana rangi tatu nne za santuri ile ile, na wa Korea wanatia picha ndani ya CD bila kukwambia utapata ya nani. Naijua mbinu yao, na bado naiona ni kuwanyonya watoto wa watu.

Ushauri wangu ni wa kimama kabisa: usiagize chochote kabla albamu haijatoka. Subiri wiki mbili. Walioagiza mapema santuri ya Cowboy Carter waliifungua wakakuta nyimbo tano hazimo, Ya Ya ikiwemo, kwa sababu santuri hutengenezwa mapema mno. Ukisubiri, unajua orodha kamili ni ipi, toleo lipi lina kila kitu, na zaidi ya yote unajua kama bado unaipenda. Ikiwa wiki ya tatu bado unaiimba jikoni, nunua moja, nzuri, uitundike ukutani. Hizo tatu nyingine, wanafunzi wenzako watazinunua kwako. Uza, ukanunue mchele.

Kaka wa mchumba. Nimesoma barua yako na nadhani hukununiwa kwa sababu ya albamu. Ulisema "imenichosha" mbele ya rafiki zake, siku aliyokuwa na furaha. Mwombe radhi kwa hilo, si kwa masikio yako. Lakini na yeye ajue kitu kimoja: vita vya mashabiki vina wenyewe wanaovila. Tarehe 11 Septemba 2007 Kanye West na 50 Cent walitoa albamu siku moja, Graduation na Curtis, na 50 Cent akatangaza kwamba Kanye akimshinda ataacha kutoa albamu zake mwenyewe. Watu wakagawanyika, wakagombana, wakanunua. Kanye aliuza 957,000, 50 Cent 691,000. Je, aliacha? Miaka miwili baadaye alikuwa na albamu nyingine sokoni. Ilikuwa kiki, na wote wawili walicheka wakienda benki. Kenny Chesney, mwimbaji wa kantri aliyetoa albamu siku hiyo hiyo, aliuza zaidi ya 380,000 bila mtu kununiana na mchumba wake. Sisi mashabiki wa nyumbani, wa Timu Kiba na Timu Mondi, tusijifanye hatujui ninachosema.

Sasa mwimbaji wangu. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonigusa.

Unaogopa kumezwa. Swali la kwanza: na nani? Taylor Swift hawezi kukumeza. Hamna wasikilizaji wa pamoja wa kugombania, na DJ wa bodaboda stendi hatatoa wimbo wako aweke wa Taylor. Watakaokumeza ni wa hapa hapa. Kumbuka Februari 2021 Rayvanny alipotoa Sound from Africa, na Machi Mbosso akafuata na Definition of Love, wote wawili wakiwa nyumba moja ya Wasafi. Miezi ile redio, magazeti ya burudani na kurasa za udaku hazikuwa na nafasi ya jina jipya. Mtangazaji hakuwa na ubaya na mtu; muda wake wa kipindi ulikuwa umeshajaa. Kwa hiyo fuatilia wakubwa wetu wanatangaza tarehe gani, uwapishe wiki tatu hivi. Kupisha si woga, wakubwa wenyewe wanapishana. Mwaka 2021 Taylor alikuwa ameipangia Red yake ya kurekodi upya tarehe 19 Novemba, akairudisha nyuma wiki moja hadi tarehe 12. Tarehe 19 ikaja kukaliwa na Adele na ile 30. Kila mmoja akapata wiki yake, hakuna aliyevunjika mguu.

Kalenda yako wewe ina mambo ambayo Billboard hawayajui. Wimbo wa mapenzi wa kuchezeka usiutoe Ramadhani, hasa kama watu wako wako Pwani na Zanzibar. Uweke tayari kwa ajili ya Idi, wakati kila ukumbi unatafuta kitu kipya. Januari watu wana ada na madeni ya sikukuu, hakuna shoo. Desemba wakubwa wote wako barabarani na redio zinapiga za mwaka mzima, hutapenya. Ukiniuliza mimi, mwezi mzuri wa mtu asiyejulikana ni ule usio na jambo.

Pia sikushauri albamu. Najua una nyimbo kumi na mbili na unazipenda zote. Billie Eilish alithubutu kutoa albamu nzima Mei 2024, Hit Me Hard and Soft, bila kutanguliza hata singo moja, lakini yeye ni Billie Eilish, watu walikuwa wamejipanga mlangoni. Na hata yeye alitoa nyimbo kumi tu, dakika 43. Wewe toa mmoja. Ikipita miezi miwili bila mtu kuuimba mtaani kwenu, toa wa pili. Albamu itakuja siku watu watakapokuuliza iko wapi.

Kuna kazi ya karani ambayo wasanii wetu wanaikimbia. Msambazaji wako wa mtandaoni mpe wimbo wiki nne kabla ya tarehe, si usiku wa kuamkia. Spotify wana sehemu ya msanii kuwaombea wahariri wao wimbo ambao bado haujatoka; uuwasilishe angalau siku saba kabla, ndipo utaingia kwenye orodha ya mambo mapya ya wale wanaokufuata. Ukishatoka, mlango huo umefungwa kwa wimbo huo. Boomplay na Audiomack usiwasahau, huko nako wasikilizaji wako wapo. Jisajili BASATA, baraza la sanaa, na kazi yako uisajili COSOTA, wa hakimiliki; wa Zanzibar ni COSOZA. Hilo la usajili ni la kuchosha na foleni yake unaijua, ila wimbo ukianza kupigwa kwenye tangazo la mtu bila ruhusa, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Na usiache kibarua chako. Chappell Roan alipopokea ile Grammy yake, alisimama mbele ya wakubwa wa kampuni za muziki akawaambia wawalipe wasanii wachanga mshahara wa kuishi na bima ya afya, kwa sababu yeye alipoachwa hakuwa na kimojawapo. Kama Marekani binti wa Grammy analilia bima, wewe wa Mbagala usikubali mtu akuambie uache kazi ya duka "ujikite kwenye sanaa" halafu yeye asikulipe hata nauli ya kwenda studio.

La mwisho, prodyuza. Umesema ni rafiki yako na mmekubaliana kwa mdomo. Mrudie leo, mwandike nani ametunga mashairi, nani ametengeneza biti, aliyeimba kiitikio anapata asilimia ngapi, kila mmoja asaini na abaki na nakala. Fanya hivyo kabla wimbo haujatoka, wakati bado hauna thamani na nyote mnacheka. Siku ukipendwa, hata kijana aliyewaletea maji studio atakumbuka kwamba ile melodi aliipiga mluzi yeye.